Gitega: Mji mkuu ulio nafuu kwa mgeni na ghali kwa mwenyeji

Njia kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura huvuka mpaka wa Tanzania na Burundi katika kituo cha Kobero, hupita mji wa Muyinga, kisha huelekea magharibi kwa Ngozi na Kayanza hadi inapoteremka kwenye Ziwa Tanganyika. Malori ya mizigo hufuata njia hiyo, na abiria wengi pia. Lakini mjini Muyinga kuna barabara nyingine inayokata kusini kupitia Karuzi. Ukiifuata kwa takriban kilomita 100 unafika Gitega, mji ambao tangu Januari 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, ingawa wakazi wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kuuona na baadhi yao bado wanadhani mji mkuu ni Bujumbura.

Kwa msafiri mwenye mfuko mdogo, Gitega ina mengi ya kuvutia. Iko katikati ya nchi, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na hewa yake haina joto wala unyevunyevu wa kando ya ziwa. Chakula na malazi ya kawaida hugharimu sehemu ndogo tu ya kile ambacho mtu angelipa Kigali, Nairobi au Zanzibar. Na kilomita saba hivi kutoka mjini kipo kilima cha Gishora, ambako ngoma za kifalme za Burundi zimelindwa tangu karne ya 19.

Hata hivyo unafuu huo una chanzo chake, na haumfikii kila mtu kwa kipimo kimoja. Sahani ya maharage na ndizi inayoonekana ya bei ya kutupa kwa mwenye dola ni ileile inayomlemea mwalimu wa Gitega anayelipwa kwa faranga. Mgeni asiyelijua hilo atashangazwa na mambo mengi safarini, kuanzia foleni za mafuta hadi namna anavyotajiwa bei.

Huko Ulaya, kutafuta mji usiojulikana sana na wenye gharama ndogo kumekuwa desturi ya watalii. Wanaokwepa bei za Paris na Amsterdam huelekea Plovdiv nchini Bulgaria, mmoja wa miji iliyoteuliwa kuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya mwaka 2019, au Timișoara nchini Romania, uliopata hadhi hiyo mwaka 2023. Miji hiyo ina reli, ina ndege za nauli ndogo, na ina fedha za Umoja wa Ulaya za kukarabati majengo ya kale. Gitega haina reli wala safari za ndege za abiria zenye ratiba. Ina historia isiyo nyepesi kuliko ya miji hiyo, na wageni wachache mno wanaokuja kuisikiliza.

Mlango ulio wazi ni wa mashariki

Anayepanga kwenda Gitega kwa barabara anapaswa kwanza kuitazama ramani ya siasa. Mnamo Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa ardhini na Rwanda, ikiituhumu jirani yake kwa kuwasaidia waasi wa RED-Tabara, ambao mwezi mmoja kabla walikuwa wameshambulia eneo la Vugizo, karibu na mpaka wa Kongo. Rwanda ilizikana tuhuma hizo. Safari ya basi kutoka Kigali hadi Bujumbura, iliyokuwa ya saa chache, ikakatika. Upande wa magharibi nako, vita vya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo vimewasukuma makumi ya maelfu ya Wakongo kuingia Burundi tangu Februari 2025, na bonde la mto Rusizi si mahali pa matembezi kwa sasa.

Mlango unaobaki ni Tanzania. Anayetoka Kampala huzunguka kwa Mutukula, Bukoba na Biharamulo hadi Ngara. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam hupitia Kahama na Nyakanazi. Wote hukutana Kabanga, upande wa Tanzania, ng'ambo ya Kobero. Kituo hicho ni cha pamoja, maana yake taratibu za uhamiaji na forodha za nchi zote mbili hukamilishwa mahali pamoja. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na raia wa Tanzania, Kenya na Uganda hawahitaji kulipia viza. Wanachohitaji ni hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho maofisa hukiulizia kweli.

Mambo mawili hubadilika hapo mpakani bila tangazo. Magari huhama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara, jambo ambalo mwendesha pikipiki kutoka Ngara hulizoea na mgeni hulisahau mara ya kwanza anapovuka kwa miguu. Na saa hurudi nyuma kwa saa moja. Warundi huhesabu saa kama Waswahili, kuanzia macheo, kwa hiyo "saa tatu asubuhi" inaeleweka pande zote mbili, ila ile ya Kabanga hutangulia ile ya Kobero. Watu wamekosa magari kwa sababu hiyo.

Muyinga, mji unaojibu kwa Kiswahili

Kutoka Kobero hadi Muyinga ni karibu kilomita 30 za vilima vya migomba na mibuni. Kabla ya mwaka 2025 Muyinga ulikuwa makao makuu ya mkoa wenye jina hilohilo. Mageuzi ya utawala yaliyoanza kutekelezwa mwaka huo yalipunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi mitano, na Muyinga ukawekwa katika mkoa mpya wa Buhumuza, ambao makao yake makuu ni Cankuzo. Wenyeji wengi bado husema "mkoa wa Muyinga", na mgeni akifanya hivyo hatakosolewa.

Kinachoupambanua mji huu kwa msafiri ni lugha. Kirundi ndicho lugha ya taifa, na Kifaransa hutawala ofisini, lakini Muyinga Kiswahili ni lugha ya soko, gereji na kituo cha magari. Sababu ni zaidi ya moja. Mji una jamii kubwa ya Waislamu, na nchini Burundi neno "Mswahili" mara nyingi humaanisha Mwislamu, awe ametoka pwani au hajawahi kuiona bahari. Biashara na Ngara haijawahi kukoma. Na wapo waliokulia katika kambi za wakimbizi za Tanzania, kama ile ya Lukole wilayani Ngara iliyofungwa mwaka 2008, ambao walirudi nyumbani na Kiswahili chenye lafudhi ya Kagera na Kigoma. Mtu wa namna hiyo akikusikia ukiuliza njia, huenda akataka kujua kwanza unatoka sehemu gani ya Tanzania, na mazungumzo yakachukua muda kuliko njia yenyewe.

Salamu za Kirundi, hata hivyo, hufungua milango ambayo Kiswahili pekee hakifungui, hasa kwa wazee na kwa watu wa vijijini: "bwakeye" asubuhi, "mwiriwe" kuanzia mchana, "amahoro" wakati wowote, na "urakoze" kwa kushukuru. Kwa mtu mzima, neno "mzee" au "mama" linalotumika pwani linaeleweka vyema mjini Muyinga.

Migahawa midogo iliyo karibu na soko huuza chai ya maziwa, chapati, sambusa na wali kwa maharage. Si mapishi ya kusafiria, lakini ni mahali pazuri pa kuanza kujua thamani ya faranga uliyobadilisha mpakani.

Muyinga pia una jengo moja ambalo wanafunzi wa usanifu majengo duniani wanalijua kuliko Waafrika Mashariki wenyewe. Ni maktaba iliyokamilishwa mwaka 2012 kwa ajili ya shule ya watoto wasiosikia, kwa michoro ya wasanifu wa BC Architects kutoka Brussels. Kuta zake ni matofali ya udongo ulioshindiliwa, uliochimbwa papo hapo, na paa lina vigae vilivyochomwa na mafundi wa eneo hilo. Ndani, juu ya sehemu ya watoto, umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo mtoto anaweza kulala na kitabu chake. Upande mmoja una baraza refu lililoezekwa, kama zilivyo nyumba nyingi za Burundi, ambako watu husimama mvua inaponyesha. Hiyo ni shule wala si kivutio cha utalii, kwa hiyo heshima inataka mgeni aombe ruhusa kwanza na aende wakati ambapo hatavuruga masomo.

Anayependa wanyama anaweza kuongeza siku moja kwa ajili ya hifadhi ya taifa ya Ruvubu, kubwa kuliko zote nchini, yenye kilomita za mraba 508, iliyoko kusini mwa Muyinga kando ya mto wenye jina hilo. Kuna nyati, viboko, nyani na ndege wengi. Hakuna simba wa kupigiwa picha, na anayetafuta Serengeti ndogo atasikitika.

Barabara ya Karuzi

Barabara inayoshuka kusini kuelekea Gitega hupita Karuzi na kuvuka eneo la mto Ruvubu. Mandhari yake ni tulivu kiasi cha kumfanya abiria asinzie: mabonde ya mpunga, mashamba madogo yasiyoacha hata kiraka kitupu, watoto wenye madumu ya maji. Januari na Februari 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilifukua makaburi sita ya halaiki katika mkoa wa Karuzi, karibu na mto huo, na kutangaza kwamba imekuta mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Wengi waliaminika kuuawa mwaka 1972, katika mauaji ambayo wanahistoria hukadiria kuwa yaliangamiza Wahutu kati ya 100,000 na 300,000.

Hakuna bango barabarani linalomweleza msafiri hayo. Tunayataja kwa sababu mgeni hukutana na watu ambao jamaa zao wamo katika hesabu hiyo, au katika hesabu ya mauaji mengine yaliyofuata, ya mwaka 1988 au 1993, yaliyowakumba pia Watutsi. Maswali ya kabila, ambayo baadhi ya wageni huyauliza kwa wepesi kama wanavyouliza habari za mvua, hayafai kuanzishwa na mpita njia. Mwenyeji akiyaanzisha mwenyewe, yatosha kumsikiliza.

Bei ndogo kwa fedha ya nani?

Hapa ndipo unafuu wa Gitega unapohitaji maelezo. Burundi ina uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, na dola moja ikapanda kwa bei rasmi kutoka takriban faranga 2,000 hadi zaidi ya 2,800. Hatua hiyo ilikusudiwa kuisogeza bei rasmi karibu na ile ya mitaani. Haikufaulu. Bei ya mitaani ilizidi kupaa, na kufikia mwaka 2025 dola ilikuwa ikiuzwa huko kwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Mfumuko wa bei nao ulizidi asilimia 20 katika mwaka 2023.

Kwa msafiri maana yake ni kwamba kuna Gitega mbili. Wanaosimulia kwamba Burundi ni nchi ya bei ya chini kupita zote aghalabu wamehesabu kwa bei ya mitaani, na hawasemi hivyo. Anayebadilisha fedha benki ataona mji wa gharama ya wastani kwa chakula na usafiri, na hoteli ambazo si rahisi hata kidogo kwa ubora wake, hasa zile zinazowatoza wageni kwa dola. Kubadilisha fedha nje ya benki na maduka yenye leseni ni kosa kisheria. Maduka hayo yenyewe yalifungwa na serikali mwaka 2020 na kuruhusiwa tena mwaka 2022, jambo linaloonyesha jinsi suala hili lilivyo nyeti. Ushauri wetu ni kwamba msafiri ahesabu bajeti yake kwa bei rasmi. Bado safari itakuwa nafuu, naye atalala bila wasiwasi.

Kadi za benki za nje hazitegemewi kwa mashine za kutolea fedha nje ya Bujumbura, na huduma za fedha kwa simu za Tanzania au Kenya hazifanyi kazi katika maduka ya Gitega, ambako watu hutumia Lumicash na EcoCash. Fedha taslimu ndiyo njia. Dola ziwe mpya na safi. Na unapopokea faranga, hasa mpakani, zitazame: Juni 2023 Benki Kuu iliwapa wananchi siku 10 tu za kurejesha noti za faranga 5,000 na 10,000 zilizotolewa mwaka 2018, kisha zikaacha kuwa fedha halali. Wakulima waliokuwa wameficha akiba yao nyumbani waliumia. Noti chache za aina hiyo zinaweza bado kumfikia mgeni asiyezijua.

Ukishavuka kizingiti hicho, unafuu ni wa kweli. Nyumba za wageni za kawaida, zikiwemo zinazoendeshwa na mashirika ya kidini, huwa safi na tulivu, ingawa maji ya moto na umeme si mambo ya kuahidiwa. Chakula cha jioni cha Gitega ni mishikaki ya mbuzi kwa ndizi za kukaanga au chipsi, ambayo wenyeji huiita kwa neno la Kifaransa, "brochette". Huliwa taratibu, kwa mazungumzo marefu. Samaki wa mukeke hutoka Ziwa Tanganyika, kwa hiyo mukeke wa Gitega hawezi kuwa mbichi kama wa Bujumbura, agiza mbuzi.

Mwenyeji wako akikutajia bei iliyo juu kidogo kuliko anayotozwa jirani yake, ni vyema kupatana kwa upole, na ni vyema pia kukumbuka kwamba sukari, mafuta ya kupikia na nauli vimempanda yeye huku mshahara wake ukisimama palepale.

Ngoma ni ufalme

Sababu kubwa ya kuja Gitega ni Gishora. Simulizi za eneo hilo zinasema kwamba mfalme Mwezi Gisabo, aliyetawala kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi mwaka 1908, alijenga makao hapo baada ya kumshinda chifu muasi aliyeitwa Ntibirangwa. Alipoondoka aliziacha ngoma mbili, Ruciteme na Murimirwa, chini ya ulinzi wa familia za eneo hilo. Wapigaji wa leo wanajitambulisha kuwa wazao wa walinzi hao.

Katika Kirundi neno "ingoma" lina maana mbili kwa pamoja: ngoma, na ufalme au utawala. Msomaji wa pwani hatashangaa, kwani katika miji ya Waswahili nako ngoma kuu na siwa vilikuwa alama za enzi, na aliyevishika ndiye aliyetawala. Nchini Burundi ngoma zilipigwa mfalme alipotawazwa, alipokufa, na katika sherehe ya umuganuro, ambapo mfalme alibariki mbegu za mtama kabla ya nchi nzima kupanda. Hazikuwa burudani. Hata mti unaochongwa ngoma, "umuvugangoma", umepewa jina lenye maana ya kuisemesha ngoma.

Wapigaji, "abatimbo", huingia wakiwa wamebeba magogo hayo mazito vichwani huku wakiyapiga, kisha huyapanga nusu duara. Katikati huwekwa ngoma inayoongoza, "inkiranya", na mpigaji mmoja baada ya mwingine hutoka mstarini kuja kuiruka na kuipiga, huku "amashakwe" zikishika mdundo usiobadilika na "ibishikizo" zikimjibu kiongozi. Mtu aliyesikia rekodi pekee hajasikia ngoma hizi. Sauti hufika kifuani kabla ya kufika masikioni.

Dunia ilizijua kabla ya majirani. Wapiga ngoma wa Burundi walikuwa miongoni mwa vikundi vya tamasha la kwanza la WOMAD nchini Uingereza mwaka 1982, na mwaka 2014 UNESCO iliingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kisha, Oktoba 2017, Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri iliyowakataza wanawake kupiga ngoma hizo, ikavitaka vikundi vyote visajiliwe na wizara ya utamaduni, na kuweka malipo kwa maonyesho yasiyo ya sherehe rasmi. Serikali ilisema inalinda urithi usiharibiwe. Wakosoaji walijibu kwamba vikundi vya wanawake vilikuwa vimeanza kupata jina, na kwamba urithi unaodhibitiwa na ofisi hudumaa. Mgeni atakayekwenda Gishora atawaona wanaume pekee, na yafaa ajue kwamba hilo leo ni sharti la sheria, si mila tu.

Kuhusu gharama, onyesho kwa kawaida hupatanwa zima, si kwa kichwa. Kwa msafiri wa peke yake linaweza kuwa tumizi kubwa kuliko yote ya safari. Kwa kundi la watu sita au wanane ni fedha kidogo. Inafaa kutoa taarifa siku moja kabla, maana wapigaji ni wakulima na wako mashambani. Wapo wageni wanaofika, kuzunguka nyua na nyumba za nyasi zilizojengwa upya kwa mtindo wa kikulu, kupiga picha, na kuondoka bila kuagiza onyesho kwa kuwa wameambiwa Burundi ni rahisi. Kwa maoni yetu, kama kuna mahali pamoja pa kutobana matumizi, ni hapo.

Mji uliorithi na kupoteza

Gitega yenyewe ni mji wa kutembea kwa miguu. Sensa ya mwaka 2008 iliwahesabu wakazi chini ya 42,000, na ingawa umekua sana tangu hapo, bado unaweza kutoka sokoni hadi kanisa kuu la Kristo Mfalme bila kupanda chombo. Wajerumani walihamishia utawala wao hapa kutoka Usumbura mwaka 1912, wakifuata makao ya wafalme na hewa isiyo na malaria nyingi. Wabelgiji, waliochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliurudisha uzito ziwani. Zaidi ya miaka 100 baada ya Wajerumani, Gitega ikawa tena mji mkuu kwa sheria, lakini kwa matendo kazi haijakamilika: Baraza la Seneti lilihamia, huku balozi za nje na ofisi nyingi muhimu zikibaki Bujumbura. Mgeni atakayepoteza hati ya kusafiria akiwa Gitega atalazimika kwenda huko, kilomita 100 hivi kupitia Muramvya.

Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, ni madogo kuliko sifa yake. Ukumbi mmoja unabeba karibu yote: vikapu vilivyosukwa kwa ustadi, mikuki, vyombo vya maziwa, mapambo ya kikulu, na picha za wafalme na malkia wakiwa wamevalia rasmi. Maandishi ni machache na mengi ni ya Kifaransa. Omba mtu akutembeze, maana bila maelezo ya mdomo vitu hivyo hukaa kimya.

Miongoni mwa nyuso hizo yumo Ntare wa Tano, mfalme wa mwisho. Alipinduliwa Novemba 1966, miezi michache baada ya kushika kiti, na waziri mkuu wake, Michel Micombero, aliyetangaza jamhuri. Mwishoni mwa Machi 1972 alirejea kutoka uhamishoni akipitia Uganda ya Idi Amin, akakamatwa na kuletwa Gitega. Tarehe 29 Aprili, siku ileile uasi ulipozuka kusini na kufungua mlango wa mauaji ya mwaka huo, aliuawa hapa hapa mjini, akiwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake halijulikani. Mji uliokuwa kitovu cha ufalme ndio uliomwona mfalme wa mwisho akifa, na hakuna ziara ya kitalii inayolitaja jambo hilo isipokuwa uulize.

Nje kidogo ya mji, kaskazini, iko Mugera, misheni iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1899. Kila tarehe 15 Agosti Wakatoliki kutoka nchi nzima hukusanyika huko kwa hija ya Bikira Maria. Ni wakati mzuri wa kuiona Burundi ikitembea kwa miguu, na wakati mbaya wa kutafuta chumba Gitega bila kukiweka mapema.

Mafuta, Jumamosi na kurudi

Msimu wa kiangazi, Juni hadi Agosti, ndio rahisi kwa barabara. Lakini mvua si tatizo kubwa kama petroli. Kwa miaka kadhaa sasa Burundi imekuwa na uhaba wa mafuta unaotokana na uhaba uleule wa dola, na foleni za magari kwenye vituo zimewahi kudumu kwa siku. Usafiri wa umma kati ya Muyinga, Karuzi na Gitega upo, kwa mabasi madogo na teksi za kuchangia, ila mafuta yanapokosekana nauli hupanda ghafla na gari linalopaswa kuondoka asubuhi huondoka jioni, au kesho. Msafiri mwenye tarehe ya lazima mahali pengine ajiachie siku mbili za akiba. Akiwa na gari lake, ajaze tangi Ngara.

Jumamosi asubuhi ni ya kazi za jamii nchi nzima. Kwa saa kadhaa maduka hufungwa na magari husimama, kwa hiyo usipange kusafiri muda huo. Kupiga picha askari, vizuizi na majengo ya serikali huleta matatizo, na katika mji mkuu majengo hayo si machache.

Mipango ipo ya kuubadilisha umbali huu. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba na kampuni za China wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 282 kati ya Uvinza, mkoani Kigoma, na Musongati, kusini-mashariki mwa Burundi, na nia iliyotangazwa ni kuifikisha hatimaye Gitega. Msukumo mkubwa wa mradi huo ni nikeli ya Musongati, wala si watalii. Kwa sasa njia ya kurudi ni ileile: Karuzi, Muyinga, Kobero. Faranga zilizobaki zitumie au zibadilishe kabla hujagongewa muhuri wa kutoka, kwa sababu ukishaipita Kabanga ni vigumu kumpata mtu atakayezipokea.